Ufa Uliokataa Kuzibwa

Gari lilikuwa limeshavuka geti la hospitali na kuanza kuteremka barabara ya changarawe pale masufuria yalipoanza kupiga kelele. Yalikuwa mawili, mapya, ya kupikia watu ishirini, na dereva alikuwa ameyalaza kwenye buti yakiegemeana ubavu kwa ubavu. Kila shimo, ngwaa. Kila tuta, ngwaa ngwaa. Nyuma yao, kwenye kioo, bibi mfagiaji alikuwa bado amesimama getini akipunga mkono chini ya mwavuli wake, mwavuli uliolegea upande mmoja kama sikio la mbwa aliyeshiba.

Mpelelezi hakugeuka kumtazama. Faili lilikuwa mapajani mwake, limefungwa kamba, na kwake faili likishafungwa kamba ni kama chungu kilichoepuliwa jikoni. Kilichobaki ni kunawa mikono.

Watu walimwita Bi Timazi. Kila alikokwenda alining'iniza ile kamba yenye kipande cha shaba ambayo mwashi huitumia kujua kama ukuta umesimama wima au unadanganya, na akiishika kamba hiyo hata wahandisi walinyamaza. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi ya kuchunguza majengo yaliyoharibika na watu walioyaharibu. Dereva wake alikuwa mdogo wa mumewe, kwa hiyo alimwambia mambo ambayo dereva mwingine angeyameza.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi wa pili tetemeko lilipita likaipasua wodi ya wazazi. Wodi ile ilikuwa na umbo la kiwiko, mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, na ilipasuka palepale penye kiwiko, kutoka paa hadi sakafu. Hakufa mtu, lakini tangu siku hiyo akina mama walijifungulia kwenye mahema matatu uwanjani, na mvua zilikuwa zinakaribia. Wodi mpya ikajengwa kwenye kiwanja kilekile, kwa umbo lilelile la kiwiko kwa sababu kiwanja hakikuruhusu jingine. Ilikabidhiwa juzijuzi, imepakwa rangi, vitanda vimepangwa. Na penye kiwiko, kama dhihaka, kulikuwa na ufa upana wa vidole viwili.

Msimamizi wa matengenezo aliuziba. Mchana huohuo ufa ukafunguka. Akauziba tena, ukafunguka tena. Mara ya tatu hivyohivyo. Akina mama wakaapa kwamba hawaingii humo, kitanda kiwe cha dhahabu. Ndipo Bi Timazi alipoitwa, akachunguza siku nzima ya jana, na asubuhi hii akaacha bahasha juu ya meza ya mkunga mkuu. Ndani ya bahasha mlikuwa na mambo matatu: kwamba msimamizi huyo huchanganya saruji vibaya ndiyo maana inaporomoka, kwamba aondolewe kwenye kazi za ujenzi, na kwamba wodi isifunguliwe mpaka pande mbili za jengo zishonwe pamoja kwa nondo. Mafundi wa kutoboa zege walikuwa wanashusha mashine wakati yeye anapanda gari.

Ngwaa ngwaa.

Dereva alisimamisha gari. Alisema masufuria hayo ni ya mama mkwe wake, na yakifika na kovu lolote yeye atalala nje na kuku. Akafungua buti. Bi Timazi, ambaye alitaka kufika mjini kabla ya jua kali, alimwambia ayafunge pamoja kwa kamba moja, ayakaze sana, waende.

Dereva alikuwa ameshaanza kuyatenganisha. Moja alilisukuma kushoto akalifunga, jingine kulia akalifunga, katikati akaacha nafasi ya kiganja.

"Ukiyafunga pamoja, shemeji, likija shimo kila moja linavuta kwake," alisema. "Yatang'oana masikio. Wahenga walisema vyombo viwili havikosi kugongana. Hawakutuambia dawa tu. Dawa ni nafasi."

Bi Timazi alikuwa ameshika mlango wa gari. Aliuachia.

"Sema tena."

"Dawa ni nafasi. Nimekosea nini?"

Bi Timazi alifungua kamba ya faili, akatoa mchoro wa wodi, akautandaza juu ya boneti. Ilikuwa karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne na kubebwa kwenye mifuko ya watu wengi, na mkunjo wa katikati ulipita sawasawa penye kiwiko cha jengo. Jana alikuwa ameuona mstari mweusi hapo, akauhesabu kuwa uchafu wa mkunjo. Sasa aliinua karatasi akaielekeza kwenye jua. Mistari ilikuwa miwili, imepigwa kwa kalamu na rula, na kati yake palikuwa na nafasi ya unene wa ukucha. Kando yake mtu aliandika maagizo kwa mkono. Mkunjo ulikuwa umeyala mpaka karatasi ikatoboka. Kilichobaki ni kipande cha neno: *zibwe*.

Kipande hicho alikisoma jana. Msimamizi ndiye aliyemwonyesha, kwa kidole, akisema mwenyewe mhandisi kaagiza pazibwe. Na yeye aliandika kwenye taarifa kwamba mchoro unaagiza hivyo.

Alichukua rula ndogo akapima herufi. Kila moja ilichukua milimita mbili. Akapima tundu lililotangulia kipande kile. Milimita nane. Herufi mbili za "pa" zingechukua nne tu. Tundu lilikuwa limemeza herufi nne.

"Shemeji, taja neno linaloishia na zibwe, lenye herufi nne mbele."

Dereva alihesabu kwa vidole, midomo ikitembea. "Pasizibwe," alisema mwishowe, halafu akatazama juu kilimani kwenye paa jipya la wodi. Kelele za mashine ya kutoboa zilikuwa zimeanza.

"Geuza gari," alisema Bi Timazi.

Waliyakuta matundu mawili tayari. Fundi wa kutoboa, jitu la mabega mapana lenye miwani ya vumbi, alikuwa anaanza la tatu, na Bi Timazi aliingia kati ya ncha ya mashine na ukuta kama mtu anayeingia kati ya watoto wanaopigana. Fundi alizima. Alilalamika kwamba ameitwa kushona, hajaitwa kusimama. Mkunga mkuu alitoka ofisini na bahasha mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuzoea kusikika juu ya vilio, na aliuliza kama serikali imeanza kuandika asubuhi na kufuta saa nne.

Bi Timazi alimwambia kweli: jana huenda alisoma nusu ya neno, na leo anatafuta nusu nyingine. Tundu la karatasi si ushahidi, mtu anaweza kulijaza apendavyo. Aliomba saa mbili. Mkunga alimwonyesha mahema kwa kidevu. Hema la pili, alisema, lina binti ambaye siku zake zimefika, na hata hilo tumbo halisubiri taarifa. Akampa saa moja.

Akaanza na ukuta. Jana aliutazama ufa kuanzia sakafuni mpaka pale ulipoingia nyuma ya ubao wa matangazo, ule wenye picha za namna ya kumnyonyesha mtoto, akaishia hapo. Sasa alimwambia dereva auteremshe ubao. Nyuma yake ufa uliendelea kupanda hadi darini, lakini kule juu ulikuwa umezibwa, saruji imekauka, ngumu, haina hata mkwaruzo.

Msimamizi wa matengenezo alikuwa mlangoni, ameshika karai lake kifuani. Hospitali nzima ilimwita Ziba. Aliziba mabomba, mapaa, mashimo ya panya, na inasemekana siku moja aliziba tundu la ufunguo la stoo yake mwenyewe akiwa na mawazo. Alipouona ule mstari wa saruji kule juu, mabega yalimshuka kwa furaha.

Bi Timazi alimuuliza kama alichanganya saruji moja kwa ufa mzima. Alisema ndiyo, mara ya kwanza karai moja, kutoka chini hadi juu, kabla ubao haujatundikwa.

"Basi saruji inayoporomoka yenyewe haichagui urefu," alisema Bi Timazi. "Hii ilitolewa na mtu. Nilikusingizia, fundi. Nitaandika hivyo."

Ziba alisema hapana neno, lakini alilisema mara tatu, na mara ya tatu alilazimika kujifuta jicho kwa mkono wenye saruji.

Kutoka sakafuni hadi pale uchimbaji ulipoishia, utepe ulisoma mita mbili na sentimita kumi. Bi Timazi alipiga magoti. Sakafu ilikuwa safi kuliko sakafu ya fundi yeyote aliyemjua. Hakukuwa na vumbi wala tone. Lakini karibu na ukuta palikuwa na alama ya duara, hafifu, kama ile inayoachwa na ndoo iliyolowa maji ikigeuzwa mdomo chini. Mtu alipanda juu ya ndoo. Ukiondoa kimo cha ndoo, na ukiondoa mkono ulionyooshwa, unabaki na mtu ambaye kichwa chake kingefika begani kwa mkunga mkuu. Na mkunga mkuu mwenyewe alikuwa mfupi.

Alitoa kioo cha kukuzia akachungulia kingo za ufa. Palipokwaruzwa palikuwa na mistari miwili miwili, myembamba, sambamba, kama njia ya treni ya sisimizi. Patasi haiachi alama hiyo, wala kisu. Alimuuliza Ziba huwa anaziba saa ngapi. Saa tano asubuhi, alijibu, halafu anakwenda nyumbani kula, maana mkewe hapendi chakula kipoe. Anarudi saa nane na kukuta ufa wazi. Kwa hiyo saruji ilichimbwa ikiwa mbichi, laini kama uji mzito, bila nyundo na bila kelele. Chombo chochote chembamba kingetosha.

Ufunguo wa wodi alikuwa nao nani? Jana aliuliza hivyohivyo akajibiwa watu wawili, Ziba na mkunga mkuu. Leo walijibu vilevile. Mkunga alimtazama Ziba, Ziba akautazama ufa, na kwa kitambo kila mmoja alimshuku mwenzake. Mkunga alikumbuka kwamba Ziba hulipenda sana karai lake. Ziba alikumbuka kwamba mkunga hakuwahi kuipenda rangi ya wodi.

Bi Timazi aliwaacha wakumbukane. Swali lililomsumbua lilikuwa jingine. Makarai matatu ya saruji mbichi si kitu cha kutia mfukoni. Yalikwenda wapi?

Alitoka nje. Kati ya wodi na mahema palikuwa na bomba na sehemu ya kufulia, na mbele yake ngazi ndogo ya saruji, imelainishwa vizuri, ili mama mwenye tumbo asishuke kwa kuruka kwenye matope. Asubuhi ileile Bi Timazi alikaa juu ya ngazi hiyo akanywa chai huku akisubiri gari. Sasa aliizunguka akaitazama kwa ubavu. Ilikuwa na matabaka matatu. La chini la kijivu, la kati jekundu jekundu, la juu jeupe.

Alimwita Ziba, akamuuliza kwa upole kama alichanganya saruji ya namna moja mara zote tatu. Ziba alijivuta juu kidogo. Alisema yeye si mjinga wa kurudia kosa. Mara ya kwanza alitumia mchanga wa mtoni. Ulipofunguka akajaribu mchanga wa kilimani, ule mwekundu. Mara ya tatu akaongeza chokaa, ikawa nyeupe kama…

Aliinama, akagusa tabaka la chini, la kati, la juu.

"Nimeisifia ngazi hii kwa mke wangu," alisema. "Nikamwambia, aliyejenga hii anajua kazi. Kumbe saruji ni yangu."

Mkunga mkuu alicheka mpaka akashika bomba. Wazazi walianza kuchungulia kutoka kwenye mahema.

Bi Timazi aliuliza nani aliijenga. Mkunga alidhani ni Ziba. Ziba alidhani ni mafundi wa mhandisi, wamesahau kitu wakarudi. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kitu kizuri hakiitiwi polisi. Ndipo Bi Timazi akabadilisha swali lake la funguo. Hakuuliza tena nani ana ufunguo. Aliuliza: wewe Ziba, ukienda kula, mlango unaufunga?

Hapana, alisema Ziba. Anauacha wazi ili sakafu ipigwe deki.

"Na nani?"

"Si bibi tu." Alipolisema ndipo alipolisikia.

Mtu ukimzoea humwoni tena. Alikuwa palepale tangu jana, fagio mkononi, na sasa alikuwa amesimama kivulini mwa hema la pili chini ya mwavuli wake. Bi Timazi alimwendea, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, na akaomba kuuona mwavuli. Kitambaa kililegea upande mmoja kwa sababu kichuma kimoja kati ya vile vinavyokitandaza kilikuwa hakipo. Vichuma vyenyewe vilikuwa vimekunjwa kama mfereji mwembamba, kingo mbili zimesimama. Alikibonyeza kimoja kwenye udongo laini karibu na bomba akakivuta. Kiliacha mistari miwili, sambamba.

Bibi alitia mkono kwenye mkunjo wa kanga yake, akatoa kichuma kilichokosekana, akakiweka kwenye kiganja cha Bi Timazi. Kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa.

Ziba alitaka kusema kitu na mkunga alitaka kusema vitu vingi, lakini Bi Timazi aliinua timazi yake tu, ikaning'inia, wakanyamaza. Alimwomba bibi aeleze mwenyewe, tangu mwanzo.

Bibi alieleza akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayehesabu mayai. Kabla ya kufagia hapa alichota maji ya kuchanganyia zege kwenye ujenzi huu huu. Siku walipofika penye kiwiko, mhandisi alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya utepe, na aliyekuwa karibu ni yeye. Aliona mbao zikipangwa katikati ili zege za pande mbili zisigusane, na baadaye mbao zikatolewa. Aliuliza mbona wanaacha nyumba imekatika. Mhandisi hakumcheka. Alichukua mikono miwili ya bibi, mmoja akaunyoosha mbele, mwingine pembeni, akaitikisa yote kwa pamoja, na bibi akasikia maumivu kwenye kiwiko kwanza. Akaambiwa ardhi ikitikisika, mkono mrefu na mkono mfupi haichezi kwa mwendo mmoja, na ugomvi wao huishia kwenye kona. Ukitaka wasivunjane, usiwashone. Waache kila mmoja acheze ngoma yake. Halafu mhandisi aliandika maneno kwenye karatasi akiyatamka kwa sauti, na wiki iliyofuata akahamishiwa kazi nyingine mbali, akiahidi kuleta bamba jembamba la kufunika hapo.

"Nilimwambia huyu," alisema akimwonyesha Ziba kwa mwavuli. "Siku ya kwanza kabisa. Nikamwambia mwanangu, hapo pasizibwe. Alinijibu nini?"

Ziba alitazama viatu vyake. "Nilimjibu usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Eh. Na mtu akishatupiwa methali ajibu nini? Nikaenda kwa mkunga, akaniambia kaseme na Ziba. Nikaona maneno yangu hayashiki ukutani, basi na yake yasishike."

Bi Timazi alikunjua mchoro mbele yake, akamwonyesha tundu na kipande cha neno, bila kumwambia anachofikiri. Bibi alikisogeza karibu na macho. Aliweka kidole chake juu ya tundu lenyewe.

"Hapa palikuwa na *si*," alisema. "Naiona ilivyokuwa. Aliipigia mstari chini. Mkunjo umekula *si*, mwanangu, na nyie mkala kilichobaki."

Kisha Bi Timazi akauliza swali la mwisho, ambalo faili lilihitaji: kwa nini alihangaika hivyo, mara tatu, juu ya ndoo, katika umri wake.

Bibi alifunua pazia la hema la pili. Ndani alikuwa amelala binti mwenye tumbo lililofika mwisho, anajipepea kwa kipande cha boksi, anatabasamu kwa aibu kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama.

"Mjukuu wangu," alisema bibi. "Nilitaka azalie kwenye nyumba inayopumua."

Ushahidi wa mtu mmoja, hata akiwa bibi, unahitaji mwenzake. Bi Timazi alirudi ndani kwa fundi wa kutoboa, aliyekuwa amekaa juu ya mashine yake anakula karanga, akamuuliza matundu yake mawili yalipita kwenye nini. Fundi alisema hayo ndiyo aliyotaka kulalamikia tangu mwanzo ila hakuna aliyemwuliza. Alitoboa kwa kuinamisha, kuvuka ufa. Alikutana na zege ngumu yenye nondo, halafu ncha ikachomoka kwenye uwazi, halafu zege ngumu tena yenye nondo zake. Kazi ya ajabu, alisema. Nguzo mbili bega kwa bega, hazigusani.

Hakuna fundi anayejenga nguzo mbili mahali pa moja kwa bahati mbaya. Bi Timazi aliyaweka pamoja mambo aliyoyaona jana na kuyaandika bila kuyasoma: mkanda wa zege uliozunguka juu ya madirisha yote, nondo zilizopinda ndani kabisa kwenye kona, msingi usio na dosari. Jengo lililofungwa kwa uangalifu wa namna ile lisingeweza kuwa na ufa wa uzembe. Tena ufa hutembea kama mlevi, unakwenda kushoto, unarudi kulia. Huu ulikuwa umenyooka. Alisogea ukutani, akaishika kamba yake juu ya mwanya ule, akaacha shaba ishuke. Ilining'inia katikati, sawasawa, kutoka darini hadi sakafuni, bila kugusa upande wowote.

"Huu si ufa," aliwaambia. "Huu ni mlango wa tetemeko. Lipewe njia lipite."

Alichukua bahasha kutoka kwa mkunga mkuu, akaigeuza, na nyuma yake akaandika taarifa mpya akiwa amekaa juu ya ngazi yenye matabaka matatu. Kosa la kwanza aliloliandika lilikuwa la kwake. Ziba alifutiwa yote. Kuhusu bibi, mkunga aliuliza kama sheria haina neno kwa mtu anayechimba ukuta wa hospitali. Bi Timazi alisema ukuta haukuchimbwa. Kilichochimbwa ni kosa, na lilitolewa likiwa bichi.

Lilibaki lile la kule juu, saruji ngumu ambayo bibi hakuifikia. Fundi wa kutoboa aliimaliza kwa robo saa, kwa furaha ya mtu aliyekuja kushona akapewa kufumua. Ziba alisimama chini akimshikia ngazi. Kazi ilipoisha alibaki ameduwaa, mwiko mkononi, hana la kufanya. Bi Timazi alimwonyesha yale matundu mawili yaliyotobolewa asubuhi.

"Hayo, fundi, ziba."

Aliyaziba kwa namna ambayo mpaka leo huwezi kuyaona.

Kuhama kulianza kabla ya adhuhuri. Bibi aliingia kwanza akasimama na mguu mmoja upande huu wa mwanya na mwingine upande ule, mikono kiunoni, na akina mama walipoona hivyo walikoma kuogopa. Vitanda, mabeseni, vyandarua, vyote vilibebwa na waume na mashemeji waliokuja saa ya kutazama wagonjwa wakajikuta wachukuzi. Watu walipoona njaa mkunga mkuu alifungua buti la gari bila kumuuliza mtu, na masufuria ya mama mkwe wa dereva yakabandikwa uji wa watu arobaini. Dereva alikoroga kwa huzuni. Ilipofika jioni yalikuwa meusi mpaka masikioni, lakini kovu hayakuwa nalo.

Mjukuu wa bibi alijifungua mtoto wa kike siku ya tatu, kwenye kitanda cha pili kutoka penye mwanya. Nyumbani wanamwita Nafasi. Mhandisi alipopigiwa simu aliuliza kwanza kama mama wa maji yupo, kisha akaleta bamba mwenyewe. Limefungwa kwa skrubu upande mmoja tu, upande wa pili liko huru. Ziba aliandika juu yake PASIZIBWE kwa rangi nyekundu, na SI aliifanya kubwa kuliko herufi nyingine. Bado anaziba vingine vyote. Mahema yalirudishwa yalikotoka. Fundi wa kutoboa hupita kunywa chai. Mama mkwe aliyapokea masufuria, akayasugua siku mbili, na dereva alilala ndani. Mwezi wa tisa ardhi ilitikisika tena, alasiri, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Mwanya ulibana, ukaachia, bamba likateleza na kurudi mahali pake, na kikombe kimoja cha mkunga mkuu kilivunjika. Bi Timazi hakunji tena michoro, anaiviringisha. Bibi alinunuliwa mwavuli mpya na kichuma cha ule wa zamani amekichomeka juu ya mlango wa wodi, mahali ambapo Ziba anakiona kila anapoingia na karai.